Luis Meléndez: aliyefukuzwa chuo, akachora vya jikoni

Leo naomba mnivumilie kidogo. Mimi ni mtu wa uhandisi, kazi yangu ni vyuma na viungio vya kuchomelea, na mtu kama mimi akishika kalamu mnategemea azungumzie mashine. Lakini nataka kuwaeleza habari za mchoraji. Tena siyo wale ambao majina yao yako kwenye kalenda na vikombe vya chai. Huyu ni Mhispania wa karne ya 18 aitwaye Luis Meléndez, aliyefariki Madrid mwaka 1780 akiwa fukara, na ambaye leo picha zake zinatunzwa Madrid, Paris, London, Boston na Washington.

Nilikutana na jina lake kwa njia ya kazi. Katika fani yangu tunatumia eksirei kukagua kiungo cha chuma bila kukikata, ili kuona kama ndani kuna ufa au tundu. Nilipokuwa nasoma juu ya matumizi mengine ya eksirei, nikaona kumbe watu wa makumbusho wanafanya vilevile kwa picha za zamani, na mmoja wa wachoraji waliochunguzwa hivyo ni huyu bwana. Nilianza kusoma kwa ajili ya eksirei, nikaendelea kwa ajili ya maisha yake. Maana kisa chake, mkiniuliza mimi, kinamgusa kila mwanafunzi ambaye maisha yake yanategemea karatasi na muhuri wa taasisi fulani. Na humu ndani nadhani ni sisi sote.

MTOTO WA FUNDI

Meléndez alizaliwa Naples mwaka 1716. Baba yake, Francisco Antonio Meléndez, alikuwa mwenyeji wa Oviedo, kaskazini mwa Hispania, aliyekwenda Italia kutafuta maisha. Mwaka 1717 familia ilirudi Madrid, mtoto akiwa mchanga. Baba mkubwa wa Luis, aitwaye Miguel Jacinto, alikuwa mchoraji wa sura za watu katika utawala wa Mfalme Felipe V. Baba mwenyewe alikuwa fundi wa picha ndogo ndogo, zile za kutosha kwenye kiganja, ambazo ziliwekwa kwenye mapambo. Mwaka 1725 akawa mchoraji wa mfalme kwa kazi hiyo. Yaani kijana alikulia nyumba ambayo rangi na brashi vilikuwa ndiyo ugali wa kila siku.

Luis alijifunza kwa baba yake. Baadaye akafanya kazi kwenye karakana ya Louis-Michel van Loo, Mfaransa aliyekuwa mchoraji mkuu wa mfalme. Kazi yenyewe ilikuwa kunakili sura za wafalme na malkia ili zigawiwe huku na kule. Siyo kazi ya kumpa mtu jina, lakini inanoa mkono.

Wakati huo Hispania haikuwa na chuo rasmi cha sanaa cha mfalme. Mzee Francisco alikuwa miongoni mwa waliolipigia debe jambo hilo mapema; mwaka 1726 alimwandikia mfalme kupendekeza kianzishwe. Ilichukua muda mrefu. Mwaka 1744 ndipo ilipoundwa kamati ya matayarisho, mzee akapewa nafasi ya kufundisha, na mwanawe Luis akaingia kama mwanafunzi. Kwa habari zote alikuwa mwanafunzi hodari.

Kuna picha moja aliyojichora mwaka 1746, iko Louvre, Paris. Ana miaka 30, umri wangu mimi. Amevaa vizuri, kifua mbele, mkononi ameshika mchoro wa mwanamume aliye uchi. Mchoro ule unahitaji maelezo. Kuchora mwili wa mtu kutoka kwa mtu hai aliyesimama mbele yako ndilo lilikuwa somo la juu la akademia, na asiye mwanafunzi hakulipata kirahisi. Kwa hiyo kijana anatuonyesha cheti chake. Kwa lugha ya leo, ni kama mtu aliyepiga picha na joho la mahafali akaituma nyumbani.

BABA ANAGOMBANA, MTOTO ANAFUKUZWA

Miaka miwili tu baadaye mambo yaliharibika. Mzee Francisco aliona wenzake wamempokonya heshima ya kuwa mwanzilishi wa wazo lile. Akawashambulia hadharani viongozi wa akademia, kwa maandishi. Wakubwa hawakumwelewa. Akaondolewa kwenye nafasi yake, na mwaka 1748 Luis naye akafukuzwa.

Hapa tusimame kidogo. Tatizo halikuwa mchoro wake. Hakufeli mtihani. Alifukuzwa katika ugomvi ambao mzizi wake ni hasira ya baba na kiburi cha wakubwa. Na kufukuzwa kule hakukuwa jambo la kupoteza darasa tu. Miaka minne baadaye, 1752, akademia ilifunguliwa rasmi kwa jina la San Fernando, na tangu hapo ndiyo ikawa lango. Kazi kubwa za makasri na makanisa, vyeo, mishahara ya kudumu, mengi yalipitia kwa watu wa ndani ya lango hilo. Aliye nje, hata awe na mkono wa dhahabu, alibaki kusubiri mabaki.

Luis akaenda Italia, Roma na Naples, akakaa mpaka mwaka 1752 hivi. Kule Naples mfalme alikuwa Carlos, mtoto wa Felipe V wa Hispania, na Meléndez aliwahi kumchorea kazi kadhaa. Kisha baba akamwita nyumbani. Kulikuwa na kazi.

Kazi hiyo ilitokana na moto. Usiku wa mkesha wa Krismasi wa mwaka 1734 kasri la zamani la Madrid, lililoitwa Alcázar, liliungua. (Neno hilo wao walilipata kwa Waarabu, na ni lilelile lililotupa sisi “kasri”.) Pamoja na mamia ya picha, viliteketea vitabu vikubwa vya nyimbo vya kanisa la kifalme. Kasri jipya lilipojengwa, vitabu vipya vilihitajika, vyenye picha na mapambo ya mkono. Toka 1753 hadi 1758 hivi Meléndez alikuwa kwenye kazi hiyo pamoja na baba yake. Ni kazi ya subira: rangi kidogo, brashi nyembamba, nafasi ndogo. Kumbukeni jambo hilo, maana tutalikuta tena.

Vitabu vikaisha, na mshahara nao ukaisha. Mwaka 1759 yule Carlos wa Naples alikuja kuwa mfalme wa Hispania, Carlos III. Meléndez aliona bahati imerudi, kwa sababu huyu anamjua. Mwaka 1760 akamwandikia barua kuomba cheo cha mchoraji wa mfalme. Hakupewa.

JIKO LA MADRID

Akiwa na miaka arobaini na kitu, bila cheo na bila akademia, akageukia aina ya picha iliyokuwa chini kabisa kwenye ngazi ya heshima. Wasomi wa sanaa wa wakati ule walikuwa na madaraja: juu kabisa picha za historia, dini na mashujaa, chini yake sura za wakubwa, na mwisho, picha za matunda, vyombo na vyakula. Wahispania waliziita bodegón, kutokana na neno la ghala la divai au mgahawa wa watu wa kawaida. Hazikuhitaji watu wa kusimama mbele ya mchoraji, wala idhini ya askofu. Zilihitaji meza, vyombo, na kitu kutoka sokoni.

Leo zinajulikana picha zake za namna hiyo karibu 100. Ukiziangalia kwa pamoja unaanza kuwatambua “waigizaji” wake. Sufuria ileile ya shaba inarudi, chungu kilekile cha asali, kikapu kilekile, mkate, chupa, kipipa kidogo cha mbao. Kinachobadilika ni mpangilio na kilichonunuliwa siku hiyo: squash hapana, ni tikiti, kesho ni samaki, keshokutwa peasi, tini, zabibu, makomamanga. Mara nyingi herufi za jina lake ameziandika kwenye ukingo wa meza, kama fundi seremala anavyoweka alama yake.

Na meza yenyewe kwa Kihispania ni mesa. Sisi neno letu tulilipata kwa Wareno, majirani zao. Sukari wao wanaita azúcar, na zeituni ni aceituna. Yote mawili yametoka kwenye Kiarabu kama ya kwetu. Ndiyo maana Mswahili akisoma orodha ya vyakula vya Meléndez hapotei sana.

Ila kuna vitu kwenye meza ile vinavyosema habari kubwa zaidi. Jumba la makumbusho la Prado, Madrid, lina picha yake ya mwaka 1774 yenye matango na nyanya, na nyingine ya mwaka 1770 yenye vyombo vya chokoleti: chombo cha shaba na upekecho wake, kikombe, vidonge vya chokoleti na mikate midogo ya kuchovya. Nyanya na kakao ni mazao ya asili ya Amerika. Nyanya ilishazoea udongo wa Hispania, lakini kakao haioti kule. Ililetwa kwa meli kutoka makoloni, na katika mashamba ya Venezuela ya karne ile wengi waliokuwa wanailima ni Waafrika waliofanywa watumwa. Meléndez hakuchora hayo, amechora kifungua kinywa tu. Lakini sisi tukiiangalia picha ile tuna haki ya kuuliza kakao imetoka wapi na ni jasho la nani.

ALIFANYAJE?

Sasa niingie kwenye sehemu yangu. Picha nyingi za Meléndez ni ndogo, nyingi zina upana wa sentimita 62 hivi na urefu wa 42, au husimama wima na ni ndogo zaidi. Ila ukizikuta ukutani unadhani ni kubwa. Kwa nini? Kwanza, amesogeza vitu karibu mno na ukingo wa mbele, hakuna nafasi ya bure. Pili, jicho lake liko chini, karibu usawa wa meza, kwa hiyo chungu kinasimama kama mnara. Tatu, mwanga unatoka upande mmoja, nyuma ni giza, na kila kitu kinapata upande mmoja wa nuru na mwingine wa kivuli. Tikiti kwenye picha zake lina mzunguko kamili, unaona kabisa lina upande wa nyuma usioonekana.

Nne ni ngozi ya vitu. Shaba inang'aa kwa namna yake, udongo unameza mwanga, ganda la tikiti lina mikwaruzo, mkate una unga. Kwenye masufuria unaona mabonde na alama za kutumika. Mimi kama mtu wa vyuma nasema fundi mzuri wa shaba angeweza kuitazama picha na kukutengenezea chombo chenyewe. Ule mkono wa picha ndogo za kiganjani na za vitabu vya nyimbo ndio uliofanya kazi hii.

Watu wengi wanadhani mchoraji wa namna hii anapanga vitu mezani halafu ananakili tu anachoona, kazi imekwisha. Hapo ndipo eksirei inapokuja. Rangi nyeupe ya zamani ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na risasi ni nzito, inazuia eksirei. Rangi za udongo na nyeusi zinaipitisha. Kwa hiyo ukiipiga picha eksirei, kila mahali palipo na nyeupe ya risasi pataonekana, hata kama juu yake pamefunikwa na rangi nyingine. Kuna pia mionzi ya infraredi, ambayo macho hayaioni. Hiyo hupita kwenye rangi nyingi lakini humezwa na kaboni, kwa hiyo husaidia kuona mistari ya mkaa au wino mweusi iliyo chini. Ni kanuni zilezile tunazotumia kiwandani.

Picha za Meléndez zilipochunguzwa kwa njia hizi, ilionekana kwamba alikuwa anabadilisha mawazo kazini. Tunda limehamishwa, chombo kimeongezwa, kingine kimefutwa. Maonyesho makubwa ya kazi zake yaliyofanyika Washington mwaka 2009 yalieleza uchunguzi huo kwa kirefu. Utulivu ule tunaouona ulijengwa kwa kujaribu na kurekebisha. Watu wa usanifu wa mashine wanajua: mchoro wa mwisho unaonekana rahisi kwa sababu ile mingine kumi iko kwenye pipa la taka.

MWANA MFALME NA MALIPO

Mwaka 1771 Meléndez alipata nafasi aliyoisubiri. Alipeleka picha zake kwa mrithi wa kiti, aliyekuja kuwa Carlos IV. Kijana huyo alizaliwa mwaka uleule ambao Meléndez alifukuzwa, 1748. Alikuwa anapenda mambo ya viumbe na mimea, na alikuwa na chumba chake cha historia ya asili. Picha zikaagizwa kwa ajili ya chumba hicho. Wazo lilikuwa kuonyesha kila aina ya chakula kinachopatikana katika hali ya hewa ya Hispania, kwa majira yote manne. Fikiria: mradi wa kitaifa, karibu wa kisayansi, kwa mkono wa mtu mmoja aliye nje ya akademia.

Mwaka 1772 aliandika tena kwa mfalme kuomba cheo. Alieleza mradi wake, kisha akasema hana uwezo wa kuuendeleza, wala hana cha kutosha hata kula. Jamani, mtu anayechora samaki wa sherehe, mikate na matunda ya kila msimu, anamwandikia mfalme kwamba ana njaa. Akakataliwa tena.

Aliendelea kupeleka picha mpaka 1776, zikafika 44. Hapo ukatokea mzozo wa malipo, na mradi ukasimama. Miaka minne baadaye, mwezi Julai 1780, akafariki. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametia saini tamko kwamba ni maskini. Mfululizo ule ulibaki mali ya ufalme, na sehemu kubwa yake ndiyo iko Prado leo.

SHEMEJI NA BABA

Wapo watakaosema: mnaona, kipaji hakifichiki, mwishowe dunia ilimtambua. Mimi sikubali kuimaliza hivyo. Kutambuliwa baada ya kufa hakujazi chungu.

Linganisheni na mwingine mnayemjua zaidi, Francisco Goya. Mwaka 1763 alishindana kupata ufadhili wa ile ile akademia ya San Fernando, akatoka mikono mitupu. Akajaribu tena 1766, akakosa. Lakini mwaka 1773 alimwoa Josefa, dada yake Francisco Bayeu, mchoraji mwenye nguvu kwa mfalme na ndani ya akademia. Kazi za kasri zikaanza kuja. Na akademia ikampokea Goya kuwa mwanachama mwaka 1780, mwaka uleule aliokufa Meléndez. Baadaye alikuwa mchoraji wa Carlos IV, yule yule mwana mfalme wa picha 44.

Goya alikuwa na kipaji kikubwa, hilo halina ubishi. Lakini mmoja alivutwa mkono na shemeji, mwingine aliangushwa na baba. Wangapi kati yetu wako hapa kwa sababu kuna mtu aliinua simu? Na wangapi wenzetu wenye akili kuliko sisi walibaki, au walirudishwa katikati ya digrii kwa sababu wakubwa huko juu wamegombana na fedha ya ufadhili ikakatwa? Wengine mnawajua, wako mji huuhuu wanabeba boksi usiku. Si kwamba walishindwa darasani.

Ninachokipata mimi kwa Meléndez ni kidogo kuliko methali, ila ni cha kweli. Akademia iliweza kumnyima cheo, mshahara na kuta za kasri, na ilimnyima kwa miaka 32. Haikuweza kumnyang'anya mafunzo aliyokwisha kuyapata. Ule ustadi wa kuchora mwili wa binadamu, aliojivunia kwenye picha ya 1746, aliuhamishia kwenye peasi na kitunguu, bila kupunguza kiwango kwa sababu kazi ni ya daraja la chini. Hilo ndilo lilikuwa mikononi mwake. Mengine yalikuwa mikononi mwa watu.

Kwa walioko Uingereza, National Gallery ya London ina picha yake moja, na kuingia kuona mkusanyiko wake wa kudumu ni bure. Ulizeni kwanza kama siku hiyo imetundikwa. Ina machungwa, jozi, vyungu vya udongo, kipipa na visanduku vya mbao vya vyakula vitamu. Tazameni machungwa vizuri, jinsi kila moja lilivyo na ganda lake. Halafu someni mwaka wake. Ni 1772, mwaka uleule aliomwandikia mfalme kwamba hana chakula.

Nawatakia nyote heri katika mitihani.